Leseni Haikupotea

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Nayasema haya mwanzoni ili anayesoma asinitegemee kwa mambo ya sheria. Kitu ninachokijua ni ofisi. Miaka kumi na moja nilikuwa tarishi hapa mjini Mwanza, nabeba majalada kutoka masijala kwenda kwa wakubwa na kuyarudisha. Tarishi akikaa muda mrefu hujua mambo ambayo mkubwa hayajui: jalada gani limelala droo gani, karani gani haongeleshwi kabla ya chai, mhuri upi unakaa na nani. Waliponipunguza pamoja na wenzangu wengi, wakati ule ambapo kila asubuhi unasikia shirika jingine limeuzwa au limefungwa, niliondoka na baiskeli pamoja na hayo niliyoyajua.

Akina mama wenzangu wa kanisani kwetu Nyegezi ndio walioyapatia kazi. Nilikuwa na chumba cha uani kisicho na mpangaji, wakaniletea mwanamke aliyekimbia kipigo cha mumewe. Alipoondoka wakaniletea mwingine. Wote walikuja mikono mitupu. Nimeona kwamba mwanaume akitaka kumfunga mkewe bila kamba, huanza na karatasi. Cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki ya mtoto, cheti cha darasa la saba. Mmoja huchana, mwingine huficha darini, mwingine hutupa chooni. Kwa hiyo kazi yangu ikawa kuongozana nao ofisi kwa ofisi mpaka wapate nyingine. Nilikuwa naandika kwenye daftari nani katujibu nini, maana kichwa changu sikiamini. Habari hii ya dereva nimeitoa humo, ingawa kuna mahali mwandiko wangu mwenyewe umenishinda.

Dereva huyo alikuja Jumanne, kutoka Usagara, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Kwao ni Mara, kando ya ziwa, Usagara aliolewa. Miaka sita aliendesha lori la pamba la chama cha ushirika, mwanamke peke yake kati ya madereva. Mumewe alikuwa mpimaji wa pamba hapo hapo. Walipunguzwa siku moja, kwa barua zilizofanana. Watu wa Usagara waliniambia baadaye kuwa kabla ya barua ile huyo bwana alikuwa mpole. Nimeliandika kwa sababu limesemwa. Simtetei.

Kilichotokea ni hiki. Tajiri mmoja wa samaki alikuwa anatafuta dereva wa lori la barafu, la kuzunguka mialo, kule mitumbwi inakoshusha samaki, kukusanya sangara hadi upande wa Musoma. Akasikia sifa za huyu dada, akamwita. Mume aliposikia, alikichukua kijitabu cha leseni akakitia kwenye jiko la mkaa, sufuria ya ugali ikiwa juu yake. Ugali ukaiva. Akala.

Tajiri alikuwa ameshasema: Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi lori linaondoka, dereva awe na leseni mkononi, la sivyo anatafuta mwingine. Kaka wa dereva, aliyekaa Kiseke, naye alisema kwamba dada asipokuwa na kazi ya kumlisha, Jumapili jioni wazee watakaa, na Jumatatu hiyo hiyo watamrudisha kwa mumewe. Basi tulikuwa na siku tatu za ofisi. Nikamwambia, "Zinatosha." Nilikuwa na uhakika kabisa. Ofisi nazijua.

Jumatano tulianza polisi, maana huwezi kupewa leseni nyingine bila ripoti ya kupotelewa. Askari wa zamu alikuwa kijana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, afande. Tuna shida ya leseni ya udereva, ya huyu dada."

Akafungua kitabu. "Imepotelea wapi?"

"Haijapotea," dereva akasema.

Nikamkanyaga mguu. Askari akatutazama mmoja mmoja.

"Dada, hiki ni kitabu cha vilivyopotea. Kama haijapotea, iko wapi?"

"Ilikuwa jikoni."

"Basi kaichukue."

Watu waliokaa kwenye benchi wakacheka. Yeye hakucheka. "Ni majivu, afande."

Askari akaweka kalamu chini, akaliangalia lile jicho. "Nani kaichoma? Ukimtaja nafungua jalada, naye anaitwa. Ni haki yako. Mlango wa pili pale." Hakusema kwa kutisha. Nataka ijulikane hivyo, maana askari husemwa sana.

Tukatoka nje kushauriana.

"Dada yangu, sema imepotea tu. Neno moja, mhuri unagongwa, tunakwenda zetu."

"Mama, miaka sita ya lori la pamba sijapoteza hata spana. Nikiandikwa nimepoteza, huyo tajiri akisoma atasema huyu ndiye nimpe samaki wangu?"

"Basi mtaje aliyechoma."

"Nikimtaja ataitwa. Akiitwa atajua ninapolala."

Hapo ndipo utarishi uliponisaidia. Mwaka mmoja stoo ya ofisini kwetu iliungua na vitabu vyake vyote vya hesabu, na nilibeba mwenyewe barua ya wakubwa iliyosema vitabu "vimeteketea kwa moto". Hakuna aliyeuliza kiberiti kilikuwa cha nani. Nikawaza, kama maneno hayo yaliwatosha wakubwa, yatamtosha na dereva.

Tukarudi. "Afande, andika leseni imeteketea kwa moto."

"Moto gani?"

"Wa jiko."

"La mkaa?"

"La mkaa," dereva akajibu, na sauti yake safari hii ilikuwa ya mtu anayesema kweli na kulala nayo. Askari akaandika, akagonga mhuri. Tulipogeuka akasema, "Dada. Ule mlango wa pili haufungwi."

Jioni hiyo niliandika kwenye daftari: *Neno ni la kweli lakini mkosaji hayumo ndani yake. Sijui kama hii ni haki.* Mpaka leo sijui vizuri. Ila neno lilikuwa lake, alilikubali mwenyewe.

Kilichofuata, Jumatano hiyo hiyo, kilikuwa kiapo cha mahakamani. Rasimu niliiandika mimi palepale kwenye benchi la mahakama, kwa mwandiko wangu bora. Dereva akaichukua, akatafuta mstari wa moto, akausoma mara mbili, akatikisa kichwa kukubali. Karani akapiga chapa kama nilivyoandika. Hakimu naye akasimama kwenye neno hilo hilo, akauliza moto gani, akaambiwa, akasaini. Tukatoka tunacheka. Nilinunua mihogo ya kukaanga tukala tumesimama.

Alhamisi tulifika ofisi ya leseni mapema lakini foleni ilikuwa mapema kuliko sisi. Tulipofika dirishani ilikuwa imekaribia saa tisa. Karani alikuwa mzee wa Kihaya mwenye miwani, kadi zake zimepangwa kwenye droo za mbao kwa herufi za majina ya ukoo. Tukamwamkia, akaitikia, akasoma kiapo, akavuta droo. Akapitia kadi kutoka mbele kwenda nyuma. Akapitia kutoka nyuma kuja mbele.

"Huyu hajawahi kupewa leseni hapa."

"Nilipewa hapa hapa, mzee. Dirisha hili hili."

"Hayumo, binti yangu. Siwezi kutoa nyingine ya kitu ambacho hakikuwepo. Aliye nyuma!"

Tulikaa kwenye ngazi za nje. Mimi nilishaanza kumlaumu yule mzee moyoni. Nilisema labda kadi imeliwa na mchwa, labda anataka kitu kidogo. Hayo niliyawaza na hayakuwa kweli, na namwomba radhi. Dereva alikuwa anasoma kiapo, sasa kwa mara ya kwanza kuanzia mstari wa juu.

"Mama," akasema. "Huyu ni nani?"

"Nani?"

"Huyu aliyeandikwa hapa."

Nikasoma jina lake kwa sauti. "Si wewe?"

"Soma tena."

Nikasoma tena. Masikioni mwangu lilikuwa sawasawa kabisa. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza ya jina la ukoo. "Hii ni L. Mimi ni R. Kwetu Mara ni R tangu babu."

Mimi ni Msukuma. Mdomoni mwangu R na L ni mapacha. Nikimwita mmoja anakuja mwingine. Ofisini kwetu kulikuwa na mfanyakazi mmoja aliyekuwa na majalada mawili kwa sababu hiyo hiyo, na wakati wa kupunguzwa alipata barua mbili, akasema yeye peke yake Mwanza nzima ameachishwa kazi mara mbili. Majalada hayo niliyabeba mimi. Kicheko chake nilicheka mimi. Halafu nimeketi na kalamu, nimeandika nilivyosikia. Na sote, mimi, dereva, hakimu, tulisoma neno moto, hakuna aliyesoma jina.

Nikarudi dirishani. Foleni ikapiga kelele, "Mama, nyuma huko!" Mzee alikuwa anavua miwani.

"Mzee, naomba droo ya R."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema karani wa mahakama amekosea. Ulimi ulikuwa tayari. "Nimekosea mimi. Mimi ndiye niliyeandika."

Akanitazama. "Wewe Msukuma?"

"Ndiyo."

"Nilijua. Nyinyi mkipewa R mnaila."

Foleni nzima ikacheka, na mimi nikacheka, aibu ikiwa inanichoma masikio. Mzee akavaa miwani tena, akavuta droo ya R. Kadi ilikuwa ya tatu. Picha ya dereva ilibandikwa pembeni, shingo imenyooka, macho yote mawili wazi. Mzee akaangalia picha, akamwangalia mwenyewe, akarudi kwenye picha. Kisha akasema kwa upole, "Kiapo hiki si chako, binti yangu. Kaape upya. Kesho nitakuwepo mpaka saa nane."

Niliandika: *Leo nimekaribia kumfanyia kile alichofanyiwa na mumewe, mimi kwa kalamu tu.*

Ijumaa tulikuwa mahakamani kabla ya mlinzi kumaliza kufagia. Hakimu akashangaa. "Mnaapa tena? Moto umewaka upya?"

"Moto ni ule ule, mheshimiwa," dereva akasema. "Aliyeungua ndiye tuliyemkosea jina."

Safari hii niliandika jina huku yeye akinitajia herufi moja moja, kidole chake juu ya karatasi mbele ya kalamu yangu. Hakimu alimfanya asome chote kwa sauti kabla ya kusaini. Saa saba na robo mzee wa leseni alimpa kijitabu kipya dirishani. Dereva hakushukuru kwanza. Alifungua, akasoma jina, akakifunga. Ndipo akashukuru. Kaka wa Kiseke alionyeshwa siku hiyo hiyo, na Jumapili wazee hawakuitwa.

Jumatatu nilikwenda kumwona akiondoka. Utingo alikuwa amekaa juu ya masanduku ya barafu.

"Leo tunaendeshwa na mama?"

"Panda vizuri," dereva akamjibu, "au ubaki na mama yako."

Lori likatoka bila kushtuka. Nilisimama pale nikiwa na kiburi kidogo, lazima nikiri, kana kwamba niliendesha mimi.

Ingeishia hapo. Lakini mwezi haujaisha, Jumapili baada ya ibada, mwanaume mwembamba alisimama mlangoni kwangu, kofia mkononi.

"Shikamoo mama. Nimesikia wewe ndiye uliyemwandikia mke wangu."

"Marahaba. Ni mimi."

"Naomba nione ulichoandika juu yangu."

Chumba cha uani siku hiyo kilikuwa kitupu, nikaona hakuna wa kuhatarisha. Nikamwambia akae hapo kwenye kigoda cha nje, nikaingia kuleta nakala ya kiapo niliyoiweka ndani ya daftari. Alisoma polepole, kama mtu anayesoma mzani. Mstari wa kwanza alisimama kidogo, akaendelea. Alipofika kwenye moto alikunja uso.

"Hukunitaja."

"Hapana."

"Asante, mama."

"Sikuacha kukutaja kwa ajili yako," nikamwambia. "Niliacha kwa ajili yake."

Akaitikia kwa kichwa. "Yuko wapi sasa?"

"Hilo halimo kwenye karatasi."

Hakulazimisha. Aliikunja nakala kwa mistari yake ile ile, akanirudishia kwa mikono miwili, akaweka kigoda alipokikuta. Haya nayo nimeyaandika.

Wiki iliyofuata lori la barafu lilisimama barabarani karibu na kwangu, dereva akateremka kuniletea samaki wawili, sato. Sikuweza kumficha. Nikamwambia yote, nikamwambia kwamba asante ile imeninyima raha, kwamba labda tungeingia mlango wa pili, labda nilimwongoza vibaya.

Alisikiliza huku akipangusa mikono kwa kitambaa. "Ulimpa nakala ipi?"

Nikaenda kuangalia. Ilikuwa ile ya Jumatano. Nilisahau kuichana.

"Ile ya L?"

"Ile ya L."

Alicheka mpaka akashika mlango wa lori. "Basi huyo ameshukuru kwa mambo ya mwanamke mwingine! Akirudi mwambie amtafute huyo." Akapanda, akafunga mlango. Alipowasha gari bado alikuwa anacheka. "Mlango wa pili naujua ulipo, mama," akasema kutoka juu. "Na nikienda, jina naandika mwenyewe."