Nilipopelekwa Pangoni Kuwa Mfano

Juma lililopita fundi alifungua dari ya nyumba ninayopanga hapa Changamwe, na mavi ya popo yakamwagika sebuleni, makavu, meusi, tele. Harufu ile! Kali kama mkojo uliolala, inakukamata koo kabla haijafika puani. Fundi alicheka. Mimi nilitoka mbio hadi barazani, mtu mzima na heshima zangu, na mara nikawa na miaka saba tena, miguu mitupu ndani ya pango la mzimu kule Likoni. Nisameheni kama kuna anayekula, maana haya hayasimuliki kwa usafi.

Khalati yangu Mwanaisha, mdogo wake mama, alikuwa na miaka minne ya ndoa bila mtoto. Mumewe, Ami Shee, alikuwa mtu wa kanzu nyeupe pe na hanchifu ya kunukia. Alishampa talaka mke wake wa kwanza kwa jambo hilohilo la uzazi, na khalati naye alishaambiwa kweupe: maulidi yakifika hana mimba, arudi kwao. Na khalati akimpenda yule mtu, wallahi, sijui alimpendea nini. Akakata shauri kwenda kuomba pangoni.

Wenyeji husimulia kwamba zamani, maadui walipovamia, mwanamke mmoja alikimbilia humo na watoto wa mji mzima, na pango likafumba mdomo hadi maadui wakapita. Watoto walitoka. Yeye hakutoka tena. Tangu hapo ni Bibi wa Pangoni, na anayetaka mtoto humwomba yeye. Lakini Bibi kazeeka, amesahau mengi, kwa hivyo mwombaji sharti aende na mtoto wa kuazima, amwonyeshe: nataka kama huyu. Mimi nilikuwa kibonge, mashavu kama maandazi, nikachaguliwa kuwa mfano. Nilijiona mtu mkubwa! Njiani nikanunuliwa viazi vya karai, nikala vyote na ukwaju wake, nikalamba na karatasi.

Mlangoni Bi Mwanamvua, mlinzi wa pango, alituvua viatu.

"We mtoto!"

"Abee."

"Humo ndani hakuna kuziba pua, hakuna kutema mate, wala kusema panuka. Umo nyumbani kwa mtu."

Ami Shee, aliyetusindikiza, hakuvua viatu. Mambo ya uzazi ni ya wanawake, alisema, akakaa nje juu ya mkeka na simu yake.

Hatua ya kwanza mguu wangu ukazama kwenye mavi ya popo. Akh! Vuguvugu, laini, yakipenya katikati ya vidole, na ndani yake vitu vikitambaa. Mende, niliwaona baadaye. Juu, popo walijazana wakitudondoshea yao. Penye jiwe la kuombea palikuwa na sahani za halwa iliyoota ukungu, mayai yaliyopasuka yakitoa maji ya kijani, vitambaa vyekundu vilivyooza, na juu ya yote hayo mtu kamwaga marashi ya mawaridi. Marashi ndiyo yaliyoniua. Uozo peke yake ningeuvumilia. Uozo uliojipamba, ptu!

Khalati akapiga magoti mumo humo, akanipakata, akaniinua uso.

"Bibi, nipa kama huyu," akasema, kwa sauti iliyonifanya hata mimi nitake kulia.

Nilijikaza. Nikajikaza tena. Kisha tone la popo likaniangukia mdomoni, na viazi vyote na ukwaju wake vikamwagikia mapajani mwa khalati.

Nikajua nimeharibu: Bibi kakasirika, na khalati atarudishwa kwao kwa ajili yangu. Ghafla Bi Mwanamvua akapiga kigelegele.

"Kichefuchefu! Bibi mwenyewe kaonyesha! Mwanaisha, mimba hiyo!"

Khalati akanikumbatia na matapishi yangu yote, akilia kwa furaha. Tukatoka, akamkimbilia mumewe kumpa habari. Ami Shee akaziba pua kwa hanchifu.

"Usinisogelee. Wanuka."

Khalati akasimama palepale, magoti yametapakaa mavi, mikono bado kainyoosha.

Maulidi yalifika, mimba hakuna. Akarudi kwetu na sanduku lake, nami kwa miaka mingi niliamini ni tumbo langu lililomvunjia nyumba. Ami Shee akaoa wa tatu, kisha wa nne, na hadi leo nyumbani kwake hajalia mtoto. Khalati aliolewa Kisauni na fundi wa friji, mwaka haukwisha akajifungua. Sasa ana wanne, vibonge watupu. Yale mavi yalitoka kwa sabuni siku ileile. Kinachonitapisha hadi leo ni ile hanchifu.

Mwaka juzi nilimwomba khalati radhi. Alikuwa akikuna nazi. Aliacha, akacheka hadi akafuta machozi.

"Radhi ya nini, mwanangu? Kosa lako moja tu. Ulinitapikia mimi, na wa kutapikiwa alikuwa nje, kakaa mkekani."