Pwani Iliyomezwa na Mshono

Mwaka ule mama alipoanza kusema anataka kurudi Mombasa, mimi nilijiandikisha darasa la Jumamosi la historia ya ramani. Sikuwa na sababu ya maana. Nilichoka tu na habari za kurudi, na maktaba ya mjini ilikuwa na joto. Kutoka kwetu Ladywood, huku Uingereza, ni mwendo mfupi kwa miguu, na huko hakuna aliyeniuliza, "Basi, umenikatia tikiti?"

Mama alikuwa amekaa nasi miaka mitatu, tangu baba afariki. Maisha yake yote alikuwa fundi cherehani, wa sare za shule hasa, na nusu ya watoto wa mtaa wetu kule walivaa kazi ya mikono yake. Hapa alikuwa na cherehani kando ya dirisha la ghorofa ya tisa, na hana cha kushona ila mapindo ya suruali zangu za kazini. Nilijua anavyoteseka. Nilijifanya sijui, kwa sababu nilimpenda na nilimtaka karibu, na mapenzi ya namna hiyo yana uchoyo ndani yake.

Mwalimu wetu, bwana mrefu aliyefuta miwani kila alipotaja Wareno, alitueleza jinsi matufe ya dunia yalivyotengenezwa zama zile za mabaharia wao, miaka kama mia tano iliyopita. Watengenezaji wengi walikaa zao kwenye miji ya baridi. Walingoja merikebu zirudi, wakachora walichoambiwa, kisha wakaichapa dunia nzima kwenye karatasi ikiwa vipande kumi na viwili, vimenenepa katikati na kuchongoka juu na chini, kama maganda ya chungwa lililomenywa na mtu asiye na haraka. Vipande hivyo vilipakwa gundi na kubandikwa kwenye mpira wa plasta, kimoja baada ya kingine. Akatupa kila mmoja nakala ya vipande vya zamani twende tukatengeneze tufe nyumbani. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki majina yalikuwa yamejipanga: Malindi, Mombasa, Kilwa. Bara kulikuwa kutupu, isipokuwa picha ya mfalme mmoja aliyekaa kitini peke yake. Nilifurahi kama niliyeona picha ya nyumbani gazetini.

Mama aliitazama ile karatasi akacheka. "Hawa walikuwa mafundi wenzangu. Huwezi kuuvika mpira kwa kitambaa kizima, lazima ukate hivi hivi. Na wewe wataka kubandika kwa gundi? Dunia ya gundi! Niletee kitambaa."

Nikapanda basi mpaka Soho Road, kwa Singasinga mmoja mzaliwa wa Kisumu anayechapa fulana na mabango, nikampa ile karatasi aikuze na kuichapa kwenye kitambaa.

"Dada, hii ni ya harusi?" akauliza.

Nikamwambia ni dunia.

"Sawa, dunia nitakuchapia kwa cotton. Polyester itakusumbua kushona," akasema, wala hakushangaa.

Siku mbili cherehani ililia nyumbani kwangu. Mama aliimba, alimgombeza binti yangu kwa kuhamisha mkasi, akanigombeza na mimi kwa kumtetea. Nikajiambia dawa imepatikana, sasa hazungumzi tena habari za tikiti. Hata nikaanza kufikiria majirani gani wana nguo za kushonwa.

Akamaliza, akalijaza tufe lile pamba ya mito miwili mikuukuu. Lilikuwa kubwa kama tikiti maji la sikukuu. Binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa, anayeelewa Kiswahili chetu chote na kutujibu kwa Kiingereza, aliligeuza, akaligeuza tena.

"Nyanya, where's Mombasa?"

Mama akavaa miwani. Mombasa haikuwapo. Malindi haikuwapo, wala Kilwa. Pwani yetu yote ilikuwa kwenye mpaka wa vipande viwili, na mama, kama fundi yeyote, alikuwa ameacha upana wa kidole kila upande wa kuingia ndani ya mshono. Mtu wa karatasi hahitaji nafasi hiyo, yeye anakutanisha ukingo kwa ukingo tu. Mama alishona kwa mazoea ya miaka arobaini, akatumeza.

Uingereza ilikuwa salama. Mama akairudia karatasi, akapitisha kidole juu yake. Vipande viligusana pale katikati tu, karibu na ikweta, kwetu. Kule juu vilichongoka, na kati yao kulikuwa na weupe wa kutosha.

"Tazama! Wenyewe wamejiwekea kitambaa cha ziada. Sisi tumebanwa!" Alicheka mpaka akajishika mbavu.

Mimi sikucheka. Nilikasirika kama mtu aliyerukwa kwenye foleni. Nikasema basi tuache, mwalimu hatatambua. Mama akanitazama kwa lile jicho la dukani, la kumtazama mteja anayeomba kazi ya kulipua.

"Mimi nitatambua," akasema.

Akachukua kiwembe, akaufumua mshono ule mmoja, akatia katikati yake utepe mweupe wa upana wa vidole viwili. Kisha akaanza kuitarizi pwani kwa mkono. Mwanzo alifuata karatasi. Siku ya tatu karatasi aliiweka kando. Akatia kivuko. Akatia msikiti wa mtaa wetu, na mlango wa duka lake kwa uzi wa kijani. Akatia makaburi alikolazwa baba, mshono mmoja mwekundu, akaukata uzi kwa meno. Mombasa ikachukua nafasi ya miji mitano. Hakuniuliza lolote, mkono wake haukusita hata mara moja. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai kilichokwisha poa, nikaona kwamba mama yangu yuko huko tayari. Nilichokuwa nimekizuia Ladywood ni miwani yake na koti lake. Nikalia.

"Walia nini?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Mama, nitakukatia tikiti."

Sindano ikasimama. "Ya kwenda tu?"

"Ya kwenda tu."

"Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe, mwanangu," akasema. "Ningemwomba kaka yako, angenikatia zamani. Sikutaka kukutoroka."

Mwalimu alilipima tufe kwa utepe wake wa kupimia, akafuta miwani, akasema kwa upole kwamba bahari imepanuka na Mombasa ni kubwa kupita kiasi. Nilimwambia aliyeishona anatoka huko.

Tufe liko kwangu mpaka leo, juu ya cherehani. Ule utepe na nyuzi zake umelielemeza upande mmoja, kwa hiyo kila ukilisukuma linabingirika na kutulia pwani yetu ikiwa chini, na juu inabaki bahari tupu. Mama hupiga simu kila Jumamosi. Simu ikilia, kwanza naliinua tufe kwa mikono miwili, naligeuza mpaka niuone ule mlango wa kijani, halafu ndipo napokea.