Taksiri ya Fundi

Fundi wa nguo wa pale Kiminini hakosei. Yeye hupatwa na taksiri. Edah amelisikia neno hilo tangu alipoanza kumpelekea vitambaa. Kola ikienda upande, taksiri. Kifungo kikikosa tundu lake, taksiri. Kisha fundi hulainisha nguo kwa kiganja na kueleza, kwa upole wa mhubiri, kwamba neno limetoka kwa Waarabu, la ukoo mmoja na kasoro, na maana yake ni kupunguza, au mtu kujitahidi na asifike.

Ijumaa Edah alijaribu gauni la harusi ya bintiye, iliyokuwa kesho yake kule Matulo, na likaishia juu ya magoti.

"Fundi, hii ni gauni ama ni blausi?"

"Mama, hiyo ni taksiri. Waarabu wanasema..."

"Wachana na Waarabu. Si ulinipima wewe mwenyewe? Sema tu umekosea."

Fundi alichukua kitambaa kilichobaki ili aongeze pindo, akalowesha uzi mdomoni, akaulenga kwenye sindano. Ukapita kando. Akalenga tena, ukapita kando tena.

"Nimekosea, mama," alisema polepole. "Siku hizi namba za tepu sizioni. Niliogopa kusema, watu watanihama."

Edah alikuwa bado amekasirika. Alimnyang'anya sindano, akaitia uzi, akamrudishia. Kisha akavuta stuli, akaketi karibu naye na kuanza kumsomea vipimo.