Upande wa Kushoto wa Nyumba ya Nyanya

Mpaka leo mtu akiniambia "ni hapo tu mbele", damu inanichemka. Nililisikia neno hilo njia nzima, tangu tulipoiacha barabara ya Ndhiwa hadi kwenye kuta za mawe za Thimlich, na kila aliyelisema aliinua kidevu kuonyesha upande tofauti na ule wa mwenzake. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mvua ndefu zimetoka kuisha, nyasi zimefika kiunoni. Nilikuwa nimevaa raba mpya kutoka Nakuru, na kabla jua halijapanda sawasawa zilikuwa zimeshanichuna visigino. Baba alikuwa mbele, fimbo mkononi, akitembea kama mtu aliyechelewa kazini.

Baba alikuwa anapoteza macho. Daktari alimwambia ni presha ya macho, kwamba kilichopotea hakirudi na kilichobaki kitakwenda polepole. Tayari pembeni alikuwa haoni kitu. Ukikaa kando yake mezani ilibidi umguse ndipo ajue upo. Kisha siku moja, kikombe cha chai mkononi, akasema anataka kuliona kaburi la mama yake kabla hajawa kipofu.

Mama yake alikufa yeye akiwa mtoto mdogo. Mjomba mmoja aliyekuwa akichuma majani chai Kericho akamchukua, ndugu wengine wakavuka mpaka wakahamia Tanzania, na boma likaachiwa nyasi. Mahame kama hayo Waluo huyaita gunda: walio hai wameondoka, wafu wamebaki. Baba hakuwahi kurudi. Kulikuwa na kazi ya reli, kulikuwa na sisi watoto na karo zetu, na miaka ikapita hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyepewa jina la huyo nyanya, kwa hiyo nyumbani ikaonekana wazi kwamba mimi ndiye wa kumsindikiza. Hakuna aliyeniuliza kuhusu wateja wangu wa saluni.

Ramani yote ilikuwa kichwani mwake. Unafika kwenye ohinga kubwa, yaani boma lile la ukuta wa mawe. Unashika njia inayoteremka upande wa ziwa. Utakuta jiwe pana lenye vishimo, ambalo wavulana walilichezea bao, na hilo liko langoni mwa boma lao. Kaburi liko kushoto kwa nyumba ya mama, kwa sababu mwanamke huzikwa kushoto na mwanamume kulia, na juu yake watu waliweka mawe.

"Una uhakika, Baba?"

"Nyathina," akasema, maana huniita mwanangu kwa Kiluo hata tukiongea Kiswahili, "mengine yote naweza kusahau. Si hiyo."

Nikaona mambo ni rahisi. Tutafika, atalia kidogo, tutarudi Homa Bay kula samaki.

Thimlich yenyewe ilinishangaza, sitaki kusema uongo. Kuta zinamzidi mtu kimo, jiwe juu ya jiwe, bila saruji wala udongo, na mlango ni mfupi hata ukiingia lazima uiname. Nilimuuliza mwanamume aliyekuwa akikata nyasi za kuezekea ni nani aliyejenga. Akasema ni watu waliokuwa hapa kabla ya Waluo. Mkewe, aliyekuwa akifunga nyasi hizo matita, akamkatiza: waliojenga ni babu zetu wenyewe, wakijikinga na maadui. Nikamgeukia Baba. Akasema wao walizikuta tu, na walipokuwa wadogo walikatazwa kuuliza. Niliondoka pale nikijua kidogo kuliko nilivyokuja.

Na njia je? Nje ya ukuta kulikuwa na njia chungu nzima. Moja ilikuwa ya ng'ombe, nyingine ya kwenda mtoni, nyingine imekanyagwa na wanafunzi na wageni wanaokuja kutembea na kutazama mawe. Zote ziliteremka. Ziwa halikuonekana popote. Tukashika iliyo pana zaidi, ile ya baiskeli na wachuuzi wa samaki, tukateremka nayo mpaka tukafika kwenye ukuta mwingine wa mawe, mdogo, umebomoka nusu. Baba akaupapasa. Akasema huenda ohinga kubwa aliyoikumbuka ni hii, maana kwa mtoto kila kitu ni kikubwa. Basi tukaanza upya kuhesabia safari kutoka hapo. Baadaye tukaonyeshwa mwingine, na mwingine. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba sehemu ile ina ohinga kila unapogeuka.

Tulipanda, tukashuka, tukapanda tena njia ile ile. Huwezi kuuliza njia langoni mwa mtu ukaenda zako. Lazima uingie, ukae, upewe uji, uulizwe wewe ni wa nani. Baba alitaja ukoo wake, watu wakatikisa vichwa kwa heshima, wakatuelekeza kwa watu wa ukoo mwingine kabisa. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimeshiba uji hadi kooni na sijui kaskazini ni wapi. Nilimkasirikia Baba. Nilimkasirikia kwa kukaa miaka yote hiyo bila kurudi, halafu kunileta mimi nimkumbukie mahali ambapo sijawahi kufika. Kisha nikamwona akijikwaa kwenye kijiwe ambacho mtu mwenye macho angekiruka, na hasira ikageuka kuwa uchungu, nao sikujua niufanyie nini.

Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyetoka Sori, kule ziwani, na beseni la omena, yaani dagaa, kichwani. Nilipomwuliza jiwe la bao, alisimama akacheka.

"Hiyo jiwe? Si mmepita hapo asubuhi yote! Mimi nimewaona nikienda, nawaona nikirudi. Mlikuwa mnatafuta nini juu huko?"

Akatupeleka. Lilikuwa hatua chache tu kutoka njiani, limemezwa na nyasi, na vishimo vyake vimejaa maji ya mvua. Baba alichuchumaa, akaingiza kidole katika kishimo kimoja, halafu kingine, akiwa na uso wa mtoto. Mama wa omena akatua beseni lake kivulini akakaa, kwa vile sasa jambo hili lilikuwa limeshamhusu.

Langoni minyaa ya ua wa zamani ilikuwa imekua miti mizima. Nikamwacha Baba kwenye jiwe, nikaingia na fimbo yake nikifyeka nyasi. Ndani kabisa, mkabala na lango, nikakuta mafiga, mawe matatu ya jiko yaliyodidimia ardhini, ndipo nikajua nyumba ya nyanya ilisimama pale. Nikatazama kushoto kwangu. Rundo la mawe! Nilipiga kelele. Baba akaja mbio, akipeperusha mikono mbele yake, nami nikamshika nikampigisha magoti mbele ya yale mawe.

Alianza kuongea kwa Kiluo, kwa sauti ya chini. Halafu akakoma. Akayapapasa mawe upande huu na upande ule.

"Hapa ni upande gani?"

"Kushoto. Kama ulivyosema."

"Kushoto ukiwa umesimama wapi?"

"Nimeingia langoni, Baba, nikaangalia nyumba. Kushoto ni huku."

Mama wa omena akapiga makofi kivulini. "Wuololo! Huyu amezaliwa mjini!"

Wakanieleza wote wawili kwa pamoja, kila mmoja akimwingilia mwenzake, mpaka kichwa kikaniwanga. Boma halipimwi na mgeni anayeingia. Linapimwa na mwenye nyumba aliyesimama mlangoni pake akiangalia lango. Kushoto ni kushoto kwake yeye. Mimi niliyeingia kama mgeni nilikuwa nimempeleka Baba upande wa wanaume.

"Basi huyu ni nani?" nikauliza, nikiyaonyesha mawe.

"Labda babu," Baba akasema. Akayaomba radhi yale mawe, akainuka akipangusa magoti. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Akarudi kwenye mafiga. Akayapa mgongo, uso ukaelekea langoni, akafumba macho.

"Mbona unafumba? Si umekuja kuona?"

"Nikifumbua naona nyasi tu."

Akatoka kama mtu anayetoka mlangoni, hata kichwa akakiinamisha kidogo. Akapinda kushoto. Alikwenda akipapasa chini kwa mguu, akapenya kwenye nyasi, akapita pengo lililokuwa kwenye ua wa minyaa ulioanguka, nami nyuma yake nimenyoosha mikono asije akaanguka. Nyasi zikaisha. Akasimama, akafumbua macho.

"Ni hapa."

"Baba, hapa ni njia."

Ilikuwa ile njia pana. Ile ile tuliyoipanda na kuishuka tangu asubuhi. Ilikuwa ngumu kama sakafu, ina alama za kwato na za magurudumu ya baiskeli, wala hapakuwa na jiwe hata moja juu yake. Huenda yaliondolewa zamani ili watu wapite vizuri. Nilianza kuongea ovyo. Nilimwambia alipokuwa mtoto hatua zake zilikuwa fupi, kwa hiyo amepitiliza. Nilimwambia turudi tupime tena, labda nyumba haikuwa hapo, labda mafiga ni ya mke mwingine, labda hata boma si lenyewe. Na kweli sikujua. Sijui hata leo.

Baba hakunisikiliza. Alivua viatu, akaviweka kando kwenye majani, akaketi katikati ya njia na kuweka kiganja juu ya udongo.

"Tumepita hapa mara ngapi leo?" akauliza.

Mama wa omena, ambaye hakuwa akicheka tena, alijitwika beseni lake akazunguka mbali kupitia nyasini.

Kisha ikasikika kengele ya baiskeli. Mwanamume alikuwa akiteremka kasi, amefunga gunia nyuma.

"Mwambie apite kando," Baba akasema bila kuinua uso.

Nilimkimbilia yule mtu nimetanua mikono, na kichwani sina neno hata moja. Nikimwambia kuna kaburi na kumbe halipo, nitakuwa mwongo mbele ya mzee wangu. Nikinyamaza, atapita juu yake. Akafunga breki karibu kunigonga, akaniuliza kwa ukali kuna nini.

"Kuna mtu amelala hapa," nikamwambia.

Akaitazama njia tupu. Akamtazama Baba. Kisha akateremka, akaibeba baiskeli begani pamoja na gunia lake, akapita kwenye miiba.