Makofi ya Ukumbini

Kwetu Makadara, mtu akikuuliza asili yako unajibu "watu wa Pwani", halafu unamwongeza chai. Ndivyo mama alivyotulea. Bibi, mamake mama, ndiye aliyejibu vingine, na mimi nimlaumu nani? Nalaumu makofi.

Mwaka jana mtaani tulikuwa na siku ya kuwakumbuka waliouzwa utumwani. Mwenyekiti wa kamati, mzee wa heshima zake, alimwomba Bibi aseme. Bibi akapanda jukwaani amejitanda leso yake mpya, akaeleza jinsi bibi yake alivyokamatwa kisimani akiwa mtoto, akatembezwa hadi Pwani, akauzwa, akauzwa tena. Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi. Mwenyekiti alifuta machozi, wallahi nilimwona. Bibi alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Sasa, mpwa wa mwenyekiti huyo na mdogo wangu wa kike walikuwa wanapendana. Mwaka huu wazee wa kijana, mwenyekiti akiwemo, wakaleta posa kwetu. Mahamri yameliwa, mazungumzo matamu, mara shangazi wa kijana akauliza, kwa upole kabisa, asili yetu wapi. Mama akafungua mdomo. Bibi akamtangulia. Alisimulia yote, vilevile kama siku ile, kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Si ulinisikia, mwanangu?"

Mwenyekiti alikuwa anatazama chai yake.

Waliaga vizuri mno, nikajua yamekwisha. Baadaye kijana alimpigia mdogo wangu simu akilia: wazee wamekataa, eti hatulingani nao, sisi ni uzao wa watumwa. Nilitaka niende kwao nikawatukane. Lakini ningeanzia wapi? Sebuleni kwetu hawakusema neno baya hata moja. Nilikasirika tu, nikakaa.

Juzi mwenyekiti amepiga simu. Ile siku imekaribia tena, watu wanamuulizia Bibi, bila yeye haiwi. Bibi hatujathubutu kumwambia kwa nini posa ilivunjika. Alipopata mwaliko alifurahi sana, akamwita mdogo wangu ampigie leso pasi.

Nilisimama mlangoni nikimtazama mdogo wangu. Aliinyoosha leso polepole, pindo kwa pindo, akaikunja. Kisha akaniuliza, bila kuniangalia, "Bibi akimaliza kusema, na mimi nipige makofi?"