Shimo Lisilojaa la Doña Fidelia

Kwetu Yucatán hakuna mto. Maji yote yako chini, ndani ya mwamba wa chokaa, na kila ua una kisima chake. Nyuma ya ua kuna shimo la maji machafu, na shimo lisilojaa ni fahari ya nyumba. Doña Fidelia Poot alijisifia la kwake kuliko wengine wanavyojisifia watoto.

"Zizi zima la nguruwe, na sisi wote hapa, na halijajaa hata siku moja!"

Maji machafu hayo yalikwenda wapi? Aliyeuliza ni bintiye tu, Nidelvia. Akaenda mjini Mérida kusomea maji ya chini ya ardhi, wa kwanza kijijini, nasi tukamcheka. Maji nayo yanasomewa?

Alirudi wakati wajukuu wa jirani yao doña Eutimia, mama yake wa ubatizo, wanaharisha, mdogo wao yuko hospitali. Sote tulimlaani don Wilberth mwenye machinjio kwa kuchafua maji, na Fidelia ndiye aliyepaza sauti zaidi.

Mbele ya watu Nidelvia alimwaga rangi ya kijani katika shimo la machinjio, na nyekundu katika la mama yake, tuone ipi itatokea kisimani.

"Langu la nini tena?" Fidelia aling'aka.

"Wasije wakasema nimependelea, mama."

Asubuhi moja Eutimia akavuta ndoo, akapiga ukelele. Tulijazana uani kwake. Maji yalikuwa mekundu.

Nidelvia angeweza kusema rangi zimejichanganya huko chini, na nani kati yetu angembishia?

"Ni uchafu wa kwetu, mama," alimwambia Eutimia.

"Umenivua nguo hadharani," Fidelia akasema, akaondoka.

Jioni akamuuliza bintiye, bila kumtazama, "Na kisima changu?"

"Salama. Maji yanatoka kwetu kwenda kwao."

Baadaye Nidelvia alikuja kupima visima vya rasi nzima, na siku hizi hatuchimbi shimo kabla ya kujua maji yanaelekea wapi. Wasomi humsifu kwa ramani zake. Mimi namvulia kofia kwa asubuhi ile, na mama yake kwa iliyofuata: Fidelia aliziba shimo lake, akabeba ndoo kutoka kisimani kwake hadi kwa Eutimia. Kesho yake tena, na tena.

Juzi, wote wawili wakiwa vikongwe, nilimsikia Eutimia akicheka mlangoni.

"Shoga, kisima changu kilishatakata zamani!"

"Najua," alisema Fidelia. "Pokea ndoo."