Hita ya Nyumbani kwa Yohana

Siku ya kwanza kazini, pale karakana ya bomba Kashaulili, msimamizi alitupokea wawili, mimi na Yohana. Yohana akapewa spana. Mimi nikapewa sururu ya kuchimbia mtaro. Sururu ile naikumbuka mpaka leo.

Hita za gesi za kupashia maji ya kuoga zilipoanza kuingia Mpanda, msimamizi alitufundisha. "Moto unakula hewa kama nyie mnavyokula ugali. Ukiunyima, utakula ya mwenye nyumba." Kwa hiyo, kila nyumba tuliyokwenda, hita hatukuifunga bafuni. Tuliifunga stoo, yenye matundu ya hewa juu na chini, na bomba la moshi tukalitoa nje kupitia paa. Sumu ya moshi ule hainuki, ila inaua. Kila kiungo cha gesi tulikipaka maji ya sabuni. Povu likivimba, kinavuja. Chujio la maji tulilisafisha, maana mchanga ukijaa hita haiwaki vizuri. Na moto tuliutegesha wa kutosha kuoga tu. Ukiyachemsha maji halafu ukayapoza kwa maji baridi, gesi umeichoma bure.

Tulipofunga hita Karema, kwenye nyumba ya masista, mkandarasi alimwita Yohana "fundi". Mimi aliniita "wewe mwenzake".

"Wewe mwenzake, shika ngazi."

Nikashika. Hata baadaye, watu walinipigia simu kuuliza kama Yohana ana nafasi.

Majuzi tulimzika Yohana, nyumbani kwake Kakese. Nyumba ilijaa, ndugu wengine wakalala stoo, penye hita aliyoifunga Yohana mwenyewe, na kwa baridi ya alfajiri wakaziba matundu kwa magunia. Asubuhi niliwakuta wanataka kuwasha hita waoge. Nikawatoa wote, nikayachomoa magunia.

Kisha nikageukia viungo. Kabla sijaomba, mjane wake alishaleta sabuni kwenye bakuli.

"Mwenzio alisema ukija utaitaka," akasema. "Haya, tafuta kosa, shemeji. Umelitafuta siku nyingi."

Nilipaka kila kiungo, tena polepole. Nilitaka povu, hata moja. Sabuni ilitiririka tu ukutani.

"Umeliona?"

"Hakuna, shemeji."

Akachukua bakuli lake. Mimi nikabaki pale stoo, nikalia.

Nimestaafu, lakini simu sasa zinakuja kwangu. Kila mwenye nyumba huanza vilevile: "Mzee, kwa kuwa Yohana hayupo." Nachukua sabuni, naenda.